Mashairi ya watoto yapo mwaloni na kinuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nijibu swali ambalo walimu vijana wa hapa Ujiji wameniuliza mara nyingi mno, hata nimeona heri nilijibu mara moja kwa maandishi kuliko kuendelea kulijibu vipande vipande nikiwa nimesimama njiani na kikapu mkononi. Swali lenyewe ni hili: mtu anayetaka kuwatungia watoto mashairi apate wapi ilhamu? Wanaoniuliza wanajua kwamba nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwamba mpaka leo ninatunga vishairi vifupi ambavyo wajukuu zangu na watoto wa jirani huviimba wakiruka kamba. Wanadhani kuna kitabu ninachokisoma kwa siri, au saa maalumu ya alfajiri ambayo fikra hunijia. Wa mwisho kuniuliza, kijana anayefundisha darasa la pili, alinieleza kwamba anasubiri likizo ili apate utulivu wa kutunga. Nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa amesimama uani kwangu, nyuma yake wanawake wawili wanatwanga kisamvu katika kinu kimoja, na hakuwa amewasikia.

Kinu ni mwalimu mzuri wa mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari wa shairi. Watwangaji wawili wanapotumia kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, hakuna anayehesabu kwa mdomo, lakini mmoja akichelewa kidogo tu michi inagongana na majani yanaruka nje. Tena sauti haibaki ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Majani ya muhogo yakiwa bado mabichi na magumu, mchi unasema kacha-kacha. Yakishaanza kulainika na kutoa maji, sauti inazama, inakuwa pwata-pwata, na aliye jikoni anajua bila kutoka nje kwamba wakati wa kubandika sufuria umewadia. Mtoto wa miaka mitano wa huku kwetu, ambako wengi tunakiita kisamvu sombe na kukipika kwa mawese, anaitambua tofauti hiyo kama anavyoitambua sauti ya mama yake. Nilimwomba yule mwalimu kijana akae, tukanyamaza tukisikiliza, na kabla chai yake haijapoa tulikuwa tumepata ubeti huu:

Mchi juu, mchi chini,
Majani yamo kinuni,
Paka yuko mlangoni,
Kacha-kacha, pwata-pwata.

Wapo watakaosema kwamba hapa hakuna fikra nzito, na ni kweli kwamba haipo. Upo mchi, yapo majani, na yupo paka, ambaye hakutiwa kwa ajili ya kina peke yake, maana alikuwepo kweli, amekaa kizingitini akiwasubiri dagaa waliokuwa wameloekwa ndani. Mtoto akiimba ubeti huo anajua kwamba aliyeutunga amewahi kusimama uani, na hilo ndilo linalomfanya akubali kuuimba mara ya pili.

Kuhusu kanuni, sisi wa Ujiji hatuna kisingizio. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi bado hutajwa kila unapozuka mjadala wa vina na mizani, alizaliwa hapa hapa mwaka 1924. Shairi la kawaida tulilofundishwa lina mizani 16 katika kila mshororo, nane upande mmoja na nane upande wa pili, na mtu mzima mwenye pumzi zake analighani bila taabu. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi. Akifika mizani ya 11 au ya 12 anavuta pumzi katikati ya neno, na maana inakatika pamoja na pumzi. Ndiyo sababu nimejifunga na mizani nane za utenzi, na sioni kwamba nimewapunguzia watoto heshima yoyote kwa kufanya hivyo, kwa kuwa tenzi ndefu za wazee wetu zilijengwa kwa kipimo hicho hicho.

Lakini kanuni haikupi jambo la kusema. Jambo la kusema, kwa uzoefu wangu, hulipati kwa kukaa peke yako ukiwaza utoto. Unalipata kwa kwenda sokoni na mtoto aliye hai na kusikiliza anachosema wakati wewe unabishana bei. Naomba nieleze safari moja kwa kirefu, kwa sababu humo mna karibu kila kosa ambalo nimelifanya katika kazi hii.

Nilikwenda mwalo wa Kibirizi, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na mjukuu wangu wa kike, wakati huo akiwa na miaka sita, kununua dagaa. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na dagaa wa usiku ule walikuwa wameanikwa kila mahali, wengine juu ya chanja, wengine chini kwenye mchanga, wameng'aa kiasi cha kuumiza macho. Kunguru walikuwa wametua pembeni kwa adabu ya uongo, kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Muuzaji mmoja alimpa mjukuu wangu kijiti na kumwambia awafukuze, naye akafanya kazi hiyo kwa bidii kwa dakika chache, kisha akachuchumaa ghafla, akawakodolea macho wale dagaa, akaniita. "Bibi," alisema, "wamelala macho wazi."

Najua kwamba samaki hawana kope. Nimefundisha somo hilo ubaoni. Hata hivyo, kwa miaka yote niliyokula dagaa, niliyowachambua, niliyowakata vichwa, sikuwahi kuwaona kama viumbe waliolala na kusahau kufumba macho. Nilimwomba muuzaji kipande cha karatasi ya kufungia, nikaandika maneno yale matatu kama yalivyosemwa, nikakifunga katika pindo la kanga yangu mahali ninapofungia noti. Tabia hii ya pindo la kanga inachekwa nyumbani, lakini imeniokolea mashairi mengi, maana neno la mtoto usipolikamata pale pale, ukifika nyumbani unakuta umelisahihisha bila kujua. "Wamelala macho wazi" lingekuwa "hawakufumba macho yao", na hapo pasingekuwa na shairi tena.

Usiku ule nikatunga beti tatu. Wa kwanza ulihusu dagaa mchangani, wa pili ulihusu mjukuu na kijiti chake, na wa tatu, naungama, uliwaambia watoto kwamba dagaa ni lishe bora na kwamba waanikwe mahali safi. Nikauona mzuri sana. Kesho yake niliwaita watoto wanne barazani, nikawafundisha kwa kupiga makofi, kofi moja kwa kila mizani, kama nilivyokuwa nikifanya darasani. Mistari miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulipofika wa tatu, ambao nilikuwa nimeuandika "Kunguru naye awachunga", mvulana mmoja alibaki na mikono hewani, kwa sababu makofi manane yalikuwa yamekwisha na silabi moja ilikuwa bado imesalia mdomoni. Nilihesabu, nikakuta mizani tisa. Kabla sijasema kitu, mjukuu wangu aliuliza "awachunga" ni nini. Nikamwambia maana yake ni "anawachunga". Akauliza tena, bila ubaya wowote, kwa nini basi sikusema hivyo.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelikunja lile neno kwa sababu washairi hulikunja, na nilikuwa nimeweka "naye" kwa sababu mstari ulionekana mtupu, na makosa hayo mawili yalikuwa yakibebana. Nilipoliondoa "naye" na kulikunjua lile lingine likawa kama linavyosemwa mtaani, mizani zilitimia nane kamili. Ubeti wa tatu, ule wa lishe bora, wala haukuhitaji kufutwa. Watoto waliuimba siku ya kwanza kwa sababu nilikuwepo. Siku ya pili nikiwa ndani niliwasikia wakiimba beti mbili wakarudia tangu mwanzo, na siku ya tatu hakuna aliyekumbuka kwamba uliwahi kuwepo. Ubeti wa kwanza ulibaki hivi:

Dagaa wamejipanga,
Juani, kwenye mchanga,
Kunguru anawachunga,
Macho wazi wamelala.

Wanapofika kwa kunguru wanacheka, kila mara, hata wakiwa wameuimba mara 20. Kila mtoto wa mwaloni anajua kunguru ni mwizi, na kumwona amepewa kazi ya uchungaji ni mzaha ambao hauhitaji kuelezwa na mtu mzima.

Nimelisimulia hili kwa sababu linagusa kurasa za watoto katika magazeti yetu, likiwemo gazeti lako, Mhariri, ambalo nalipenda na kwa hiyo sitalificha. Karibu kila shairi linalochapwa humo linaanza kwa kumwita mtoto na kumwagiza: asome, aoge, awatii wazazi, asicheze barabarani. Haya yote ni mema, nami nimeyasema darasani mpaka nikakaukiwa koo. Lakini agizo lililopangwa kwa vina linabaki kuwa agizo, na mtoto, ambaye ameagizwa tangu alipoamka, analitambua kwa mbali kama anavyotambua sauti ya kutumwa dukani. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka vishairi vyangu kwa mchapishaji mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu alinijibu kwa heshima. Aliniandikia kwamba ushairi ni mzuri ila angependa kujua funzo la shairi la dagaa ni lipi. Nilikaa na barua ile wiki nzima nikijaribu kuwafundisha wale dagaa jambo fulani. Nilishindwa, nikavirudisha vishairi kabatini.

Nitaambiwa kwamba mawaidha ni mila yetu, na kwamba ushairi wa Kiswahili umewalea watoto kwa wosia tangu zamani. Nakubali, na sitaki kueleweka kwamba nayadharau. Lakini tuangalie mawaidha makubwa yanaanzaje. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, haanzi na agizo la mwenendo. Anamwita binti asogee karibu, achukue wino na karatasi. Msomaji anauona mkeka, anamwona mama mgonjwa, anamwona binti ameshika karatasi, na ndipo wosia unapoanza, ukiwa na mahali pa kukaa. Sisi tumechukua wosia na kuacha karatasi na wino. Kama ni lazima tuwausie watoto, basi tuwape kwanza kitu cha kukitazama.

Narudi kwenye ziwa letu, Tanganyika, kwa sababu ni vigumu kukaa hapa na kuliacha. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa wanatoka na taa, maana dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi inapokuwa kubwa wanapumzika, kwa kuwa ziwa zima linakuwa na mwanga na taa haina kazi. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu ya jua, lakini ukiwa mbali huoni tofauti. Unaona mstari wa nuru pale ambapo maji yanakutana na mbingu. Mjukuu wangu wa pili, alipokuwa na miaka minne, alisimama barazani akaniuliza mji ule unaitwaje. Sisi wakubwa tunaziita taa za wavuvi, na tukishaziita hivyo hatuzioni tena. Asubuhi alirudi pale pale barazani, akatazama maji matupu, akauliza swali la pili, nami nikayashika yote mawili:

Ule mji wa majini,
Taa zake ni sabini,
Asubuhi siuoni,
Mji umekwenda wapi?

Hapo kwenye sabini nimewahi kukamatwa. Mtoto wa jirani alihesabu taa usiku mmoja, akafika 29, akapotea, akaanza upya, kisha akaja kuniambia kwamba hazifiki sabini. Nilikiri mbele yake kwamba ile sabini nililetewa na kina. Alikubali, lakini tangu siku hiyo ananiangalia kwa namna fulani, na sasa nikitaka idadi ninahesabu kwanza. Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, ziwa lilikuwa jeusi ti kila usiku, na mjukuu wangu, ambaye sasa alikuwa amekua na kujua fika taa zile ni za nani, alisema tu, "Bibi, ule mji umehama." Sijapata ubeti unaoweza kulibeba neno hilo. Lina huzuni ya watu wazima ndani yake, ya nyumba zilizokosa kitoweo na fedha miezi ile, na nikilitia mkono naogopa nitaligeuza kuwa hotuba.

Upo mtego mwingine ambao walimu tunautumbukia kwa urahisi zaidi kuliko wengine, nao ni kufikiri kwamba maarifa yakitiwa vina yanakuwa shairi la watoto. Nilijaribu hivyo na meli ya Liemba, ambayo kila mtoto wa Kigoma anaijua kwa jina. Niliyatia yote: kwamba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa hapa vipande vipande, kwamba mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na adui, wakiwa wameipaka mitambo yake grisi isiliwe na kutu, kwamba iliibuliwa mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927. Ni kisa kizuri kuliko vingi vya kutungwa, nami nilikiua kwa orodha ya miaka. Watoto walisikiliza kwa utiifu kama wanavyosikiliza matangazo ya paredi. Nilipomaliza, mmoja aliuliza: wakati ilipotolewa majini, wale samaki waliokuwa wamehamia ndani walikwenda kukaa wapi? Mwingine alitaka kujua nani aliipaka mafuta, na kama ililia, maana yeye hulia akipakwa mafuta baada ya kuoga. Hapo ndipo palipokuwa na shairi, na mimi nilikuwa nimepita juu yake nikikimbilia mwaka 1927.

Mifano ya namna hii ninayo mingi na sitaichosha kalamu. Yupo mtoto aliyemwona fundi wa boti hapa ufukweni Ujiji akiziba nyufa kwa pamba, akauliza kama boti inaumwa masikio. Yupo aliyesimama kituo cha reli cha Kigoma, ambako reli ya kutoka Dar es Salaam imeishia tangu mwaka 1914, akataka kujua treni inajuaje kwamba isiendelee mpaka majini. Wakati wa kiangazi, moshi na vumbi vinapojaa hewani na milima ya ng'ambo isionekane, mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alitazama dirishani akasema, "Mwalimu, leo Kongo imefutwa," kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia kwamba ubao umefutwa. Na wapo wanaojifunza kusoma kwa kukata silabi za majina ya kanga kwenye migongo ya kina mama walio mbele yao katika foleni ya maji, kwa sauti kubwa, bila kujua kwamba jina lenyewe ni la kumsuta mke mwenza.

Nisieleweke vibaya, kwamba kila anachosema mtoto ni ushairi. Watoto husema upuuzi mwingi kama sisi. Katika daftari langu, ambalo ndilo makaburi ya vile vikaratasi vya pindoni, maneno kumi yakiingia tisa hayatoki. Yanayotoka ni yale ambayo nikiyasoma baada ya wiki mbili bado yananifanya nikitazame kitu chenyewe upya. Na namna ya kuyajaribu ni ile ile ya barazani: makofi, sauti, na masikio ya wasiojali kwamba wewe ni mwalimu mstaafu. Jambo moja tu ningeongeza kwa walimu wa vijijini, Kasulu na Buhigwe na kwingineko ambako mtoto anaota kwa Kiha na kuandika kwa Kiswahili: asikatazwe kuleta neno la nyumbani pale Kiswahili chake kinapoishia. Likisimama vizuri katika mizani, libaki. Nimeona mashairi ya watoto yaliyopoteza neno lake pekee lenye uhai kwa kalamu nyekundu ya mwalimu, na kalamu hiyo, katika miaka yangu ya mwanzo, ilikuwa yangu.

Ombi langu kwako, Mhariri, si kubwa. Katika ukurasa wa watoto, tenga kona ndogo, hata kama ni ya ubeti mmoja kwa wiki, na uweke sharti moja tu: shairi litaje kitu ambacho mtungaji amekiona au kukisikia wiki hiyo, mahali anapoishi, na lisimwagize mtoto lolote. Wa Tabora watakuletea mizinga na maembe, wa Uvinza watakuletea chumvi, wa mjini watakuletea bodaboda na mafundi cherehani, na wengi wa mwanzo watakosea mizani. Wachapishwe pamoja na makosa yao madogo, wasomaji watawasahihisha kwa makofi.

Kwa kuwa si vizuri kuomba na mikono mitupu, naleta neno langu la wiki hii, ambalo halijawa shairi. Jumatatu ilinyesha mvua kubwa juu ya bati, ile ya kuwafanya watu waliokaa kitanda kimoja wazungumze kwa ishara, kisha ikapungua polepole mpaka yakabaki matone mamoja mamoja. Mjukuu mdogo akainua kichwa akasema, "Mvua imechoka." Nimehesabu, ni mizani saba. Nilijaribu "Mvua sasa imechoka" zikawa tisa. Nilijaribu "Na mvua imechoka", zikatimia nane, lakini mwenye neno amekataa, akiuliza na nani mwingine aliyechoka. Msomaji mwenye mizani moja ya kunikopesha, isiyokuwa ya kupachika, aniandikie kupitia gazeti lako.

Wako katika kalamu,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.